Mwacheni Auze Sura

Kwenye kibanda cha video nilikokulia, pale Mwanjelwa kabla soko la zamani halijaungua mwaka 2006, kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyehitaji kuiandika ukutani: stelingi hafi. Ukishalipa shilingi hamsini yako ukabanwa kwenye benchi, kushoto mpiga debe, kulia muuza karanga, huulizi kama stelingi atapona. Unauliza adui ni nani. Adui akiwa legelege, watu wanaanza kutoka kabla ya nusu saa, na mwenye kibanda anasikika mlangoni akiapa kwamba hela ikishaingia hairudi.

Juni moja ya katikati ya miaka ya tisini, baridi ile ya Mbeya ambayo mtu akiongea moshi unamtoka mdomoni, waliweka mkanda unaoitwa Runaway. Ni filamu ya Marekani ya mwaka 1984, mwongozaji wake Michael Crichton. Stelingi alikuwa Tom Selleck, yule mwenye masharubu, askari wa kikosi kinachoshughulikia maroboti yaliyoharibika na kuanza kudhuru watu. Askari mwenyewe anaogopa urefu, akifika ghorofani jasho linamtiririka. Hatukumjali sana. Tulikuwa tunamsubiri adui, na adui alipotokea kibanda kizima kilinyamaza.

Hakufanya kitu. Alisimama tu, kidevu kakishusha, macho kayapandisha, mdomo umefungwa kama wa mtu anayeshikilia msumari kwa meno. Mtafsiri wetu, ambaye mchana alikuwa fundi redio na jioni anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti kilichofungwa mpira wa ndani wa baiskeli, naye alinyamaza. Huyu alikuwa mtu asiyeweza kuacha hata mlango ufunguke bila kuusemea. Ndipo sauti moja ya mlevi ikatoka nyuma: "Huyu kwao wanamfunga kamba." Tukacheka, lakini kwa woga.

Adui huyo ana bunduki ambayo risasi yake inamfuata mtu kwa joto la mwili wake, inakata kona, inapita korido, haikosi. Ana na buibui wa chuma wanaotambaa ukutani na kumchoma mtu tindikali. Mtafsiri alipopata tena sauti yake hakuhangaika na jina la kwenye mkanda, Daktari Charles Luther. Alimwita Malafyale wa Buibui. Kwa Wanyakyusa malafyale ni chifu, na kwenye kibanda kile, hata Msafwa, Mkinga na Mbena waliokuwepo waliona cheo kimempata mwenyewe. Wiki nzima watoto wa mtaa walitembea wameshusha kidevu.

Nimeanza mbali kwa sababu nataka kumtetea mtu ambaye watu wa filamu wamemcheka kwa miaka arobaini, na utetezi wangu unatoka kwenye lile benchi. Malafyale wa Buibui anaitwa Gene Simmons, na kazi yake si kuigiza. Ni mpiga gitaa la besi na mwimbaji wa bendi ya roki ya KISS.

Hilo nililijua miaka kadhaa baadaye kupitia fulana ya mtumba. Ilitoka kwenye beli, nyeusi, imechapwa sura nne zilizopakwa rangi nyeupe, na mmoja wao ametoa ulimi hadi chini ya kidevu. Nilimtambua kwa macho. Rangi ilikuwa imefunika kila kitu isipokuwa namna ile ya kutazama. Niliinunua, nikaivaa siku mbili. Siku ya tatu mama, ambaye wiki hiyo alikuwa ametoka kusikia mahubiri juu ya muziki wa roki, aliikuta kwenye kamba. Mhubiri alikuwa amesema herufi za jina la bendi ile ni kifupisho cha watumishi wa Ibilisi, na kwamba yule mwenye ulimi alipandikizwa ulimi wa ng'ombe. Fulana yangu ikaishia kuwa tambara la kudekia. Nilideki nayo mwenyewe, sura nne zikinitazama kutoka kwenye ndoo.

Uvumi huo wote ulitoka Marekani kwenyewe, na wote ni uongo. Huo wa ng'ombe hata usingehitaji kukanushwa Mbeya. Anayekunywa supu ya ulimi asubuhi anajua ulimi wa ng'ombe ulivyo mnene. Mdomo wa binadamu usingefungika.

KISS ilianzishwa New York mwaka 1973. Simmons alizaliwa Israeli mwaka 1949 akiitwa Chaim Witz, akafika Marekani na mama yake akiwa na umri wa miaka minane. Kwenye bendi kila mmoja alijipangia uso wake, na yeye akachagua kuwa Pepo: mabawa ya popo mgongoni, viatu vyenye kisigino cha kutisha, damu bandia mdomoni, moto anaoutema kweli. Mwaka 1977, kitabu chao cha katuni kilipochapishwa na Marvel, wanabendi walitolewa damu ikachanganywa kwenye wino mwekundu. Kwa miaka kumi watu hao hawakuonyesha nyuso zao hadharani bila rangi. Kisha tarehe 18 Septemba 1983 wakatokea kwenye televisheni ya MTV nyuso zikiwa tupu. Desemba ya mwaka uliofuata Runaway ikawa kwenye majumba ya sinema.

Hebu ziangalieni tarehe hizo pamoja. Mtu kaficha uso miaka kumi, kauonyesha, na kabla hata watu hawajauzoea kaukodisha kwa mtengeneza filamu.

Sisi tuna neno la kejeli kwa jambo hilo: kuuza sura. Mwigizaji wa kweli, tunasema, anavaa uhusika. Akiwa mlinzi, unamwona mlinzi, akiwa mjane, unamwona mjane, na yeye mwenyewe kapotea humo ndani. Muuza sura hapotei. Kaja ili aonekane. Ukimwambia acheze mwalimu, unamwona staa kashika chaki. Na wanamuziki ndio wanaotupiwa neno hilo kuliko watu wote, mara nyingi kwa haki.

Ila nina tatizo na kipimo chenyewe. Kuvaa uhusika ni ufundi wa kujificha. Mwanamuziki wa jukwaani kazi yake yote ni kinyume cha hapo. Anatakiwa aonekane na mtu aliyekaa mstari wa mwisho kabisa, gizani, akiwa na bia mkononi na mawazo nyumbani. Mtu kama huyo ukimleta mbele ya kamera ukamwambia ajifiche, umenunua tochi ili uifunike kwa kiganja. Simmons, nadhani, hakuwahi kujaribu kujificha. Alichofanya kwenye Runaway ni kuchukua yale ya jukwaani na kuyapunguza sauti. Moto hakuna, damu hakuna, ulimi kaumeza. Kabakiza macho. Filamu haina hata wimbo wake mmoja, kwani muziki wote ulitungwa na Jerry Goldsmith kwa vinanda vya umeme. Aliyezoea kupiga kelele kuliko watu wote duniani kapewa nafasi ya kukaa kimya, na ukimya wake una uzito kwa sababu mwili wake unaendelea kuamini kwamba watu elfu ishirini wanamtazama.

Selleck anaigiza vizuri zaidi. Hilo silikatai. Anaogopa kama mtu anayeogopa, anampenda mwanawe kama baba. Lakini jioni ile kibandani hakuna mtoto aliyetoka akimwigiza Selleck.

Na kuna kitu kidogo mwishoni mwa filamu ambacho nimekirudia mara nyingi nikiwa mtu mzima. Wako kwenye jengo linalojengwa, usiku, juu sana, pahali pabaya kuliko pote kwa stelingi wetu. Luther anaanguka, buibui wake mwenyewe wanamgeukia, wanamchoma. Stelingi anamsogelea kuhakikisha, na maiti inamrukia. Ni ujanja wa kizee kabisa, kila mtu kauona mara mia. Lakini mtazame Simmons. Mwigizaji mwingine angeruka kama mtu anayekata roho. Yeye anaruka kama bendi iliyoitwa irudi jukwaani kwa wimbo wa mwisho. Kibandani benchi letu lilianguka.

Filamu yenyewe haikufanya vizuri kwao. Ilikuwa na bahati mbaya ya kutoka wiki chache baada ya The Terminator, iliyoanza Oktoba 1984, na nani angetazama buibui wadogo akishaliona lile dude la Schwarzenegger? Lakini filamu za namna hii huwa na maisha mawili. Ya kwanza ni ya sinema, hufa haraka. Ya pili ni ya kanda za video, na hapo huanza kupata watu wao, wachache, wa kufa na kuzikana nayo, wanaojua kila neno na kusamehe kila kosa. Mfano maarufu wa desturi hiyo kwa Wamarekani ni The Rocky Horror Picture Show, filamu ya mwaka 1975 ambayo New York iliwekwa saa sita za usiku kuanzia mwaka 1976, watazamaji wakaanza kuijibu na kuivalia nguo, na mwanamuziki wa roki Meat Loaf akiwemo ndani yake na pikipiki yake. Kwetu desturi hiyo haikuhitaji usiku wa manane. Kibanda kilikuwa na kanda kumi na nne. Ya tano ukiiona mara ya nane, unakuwa muumini upende usipende, na unaanza kumjibu adui kabla hajasema.

Mwaka 1986 Simmons aliacha kunyamaza. Kwenye Never Too Young to Die alipewa nafasi ya Velvet Von Ragner, mhusika anayeelezwa kwamba ni mwanamume na mwanamke kwa pamoja, mwimbaji wa klabu na mkuu wa genge la wahuni wanaoonekana wametoka jangwani. Anataka kuchafua maji ya Los Angeles. Stelingi ni kijana John Stamos, mpiga sarakasi wa chuo, anayemlipizia baba yake, na baba huyo ni George Lazenby, yuleyule aliyecheza James Bond mwaka 1969 mara moja tu. Kuna na Vanity, mwanamuziki mwingine. Kwa kifupi ni pilau ambayo mpishi katia kila kilichokuwa kabatini.

Simmons humo kavaa nywele ndefu, rangi, vitambaa vinavyong'aa, na ana wimbo anaojisifia jukwaani. Ananguruma, anacheka, anabinua midomo, anakula ukuta, sakafu na taa. Niliyeiona naye mara ya kwanza, shemeji yangu wa Uyole, mtu mzito asiyecheka ovyo, alisema baada ya dakika ishirini: "Lakini huyu anafurahi." Sijasoma uchambuzi wa filamu ile uliokuwa mfupi na wa kweli kuliko huo. Kila mwingine kwenye mkanda anaonekana kakumbuka kwamba hii ni kazi. Yeye yuko harusini.

Na sisi si wageni wa mchezo huo. Mtazamaji wa Tanzania aliyemwona Joti amevaa gauni la bibi kizee anajua kwamba raha yake si kudanganyika. Unajua ni mwanamume, yeye anajua unajua, na katikati ya kujua huko ndipo kicheko kinapokaa. Mbwembwe zina sheria zake. Lazima mchezaji azipende, na asimwombe radhi mtazamaji. Mara akionyesha aibu, hata kwa ukope, kila kitu kinageuka fedheha. Von Ragner hana aibu hata tone.

Sasa nije kwenye doa, maana utetezi usiwe wa mke kwa mume mlevi. Mwaka 1987 ilitoka Wanted: Dead or Alive. Stelingi ni Rutger Hauer, mwindaji wa watu wanaosakwa, na Simmons ni Malak Al Rahim, gaidi wa Kiarabu. Macho ni yaleyale, kidevu kilekile. Na hapa hayafanyi kazi, au niseme yanafanya kazi ambayo sitaki kuishangilia. Luther ni mwovu kutoka kichwani mwa mtunzi. Hana kabila, hana msikiti, hana jirani atakayetazamwa vibaya kesho yake sokoni. Al Rahim kavalishwa jamii nzima ya watu na dini yao. Mbwembwe zinazomtia chumvi mtu asiyekuwepo ni mchezo. Ukizihamishia kwa jamaa ambao wapo, wana maduka na watoto, chumvi inaingia kwenye kidonda. Anakufa kwa bomu la mkono lililosokomezwa mdomoni, na nakumbuka kibanda kikishangilia, nami nikishangilia, huku nyuma yetu, hatua thelathini hivi, duka la Mwarabu tuliyekuwa tukimkopa sukari likiwa bado wazi. Ni leo ndiyo nashangaa. Siku ile sikushangaa kitu.

Kuna na filamu iliyotangulia zote hizi, ambayo kwa hesabu ya kawaida ndiyo ingekuwa bora, maana humo alikuwa na rangi zake zote usoni. KISS Meets the Phantom of the Park ilionyeshwa na televisheni ya NBC tarehe 28 Oktoba 1978. Watengenezaji walikuwa Hanna-Barbera, wale wa katuni za Scooby-Doo, na inaonekana. Bendi inapigana na mvumbuzi mmoja kwenye bustani ya michezo, fundi wa maroboti aliyetengeneza nakala zao. Wanabendi waliichukia kabisa.

Na wana haki, ingawa nadhani walikosea sababu. Tatizo halikuwa kwamba hawakujua kuigiza. Tatizo ni kwamba walinyang'anywa sauti. Ya Simmons ilipitishwa kwenye mashine ikawa mngurumo wa dude ndani ya pipa. Mpiga ngoma wao, Peter Criss, alifutwa kabisa, maneno yake yakasemwa na mwigizaji wa sauti aitwaye Michael Bell. Unamchukua mtu ambaye watu wamelipa ili wasikie koo lake, halafu unalitia koo la mwingine.

Mtu atasema: mbona hata kibandani mlikuwa mnawekewa sauti ya mwingine na mkafurahi? Ndiyo, na hapo ndipo penyewe. Bell alilipwa ajifiche nyuma ya Criss, asijulikane kama yupo. Mtafsiri wetu hakujificha nyuma ya mtu. Alikuwa staa wa pili juu ya staa wa kwanza, anamkatiza, anamtania, anamtafutia ukoo. Baadaye nchi nzima ilimjua Lufufu kwa ufundi huo, na watu walikuwa wanauliza kanda ya Lufufu kabla hawajauliza ni filamu gani. Huyo naye aliuza sura, ila aliiuza kwa mdomo.

Wanamuziki wengine wa miaka ileile wananithibitishia jambo hili. Sting kwenye Dune ya 1984, Tina Turner kwenye Mad Max ya 1985, David Bowie kwenye Labyrinth ya 1986. Wote watatu upande wa adui, wote wamevaa kupita kiasi, wote wanakumbukwa kuliko waliokuwa na maneno mengi zaidi. Si bahati. MTV ilianza Agosti 1981, na kwa miaka mitatu wanamuziki walikuwa wamefundishwa kila siku kuitazama kamera kama mpenzi au kama mdaiwa. Wakati huohuo maduka ya kanda yalikuwa na njaa ya filamu, na jina linalojulikana kwenye kasha lilikuwa tangazo tosha. Turner peke yake anastahili makala, na nitamwandikia.

Simmons baadaye alipunguza. Aliwahi kuonekana kwenye Red Surf, George Clooney akiwa bado hajulikani, na mwaka 2009 akawa wakili mroho kwenye Extract. Zinatazamika. Ila ninayoipenda kwa sababu za kifamilia ni Trick or Treat ya 1986. Ni filamu ya kutisha kuhusu kijana anayeicheza sahani ya santuri kinyumenyume na kumwita mwanamuziki aliyekufa, yaani mahubiri yaleyale ya mama yangu yamegeuzwa mkanda. Simmons humo ni mtangazaji wa redio. Na mhubiri anayekemea roki kwenye televisheni, suti safi, tai, nywele zimechanwa, ni Ozzy Osbourne. Ndiyo, Ozzy yuleyule aliyemng'ata popo. Nilimwonyesha mama kipande hicho miaka michache iliyopita bila kumwambia ni nani. Alitazama hadi mwisho akasema, "Anasema kweli, lakini ana haraka."

Najua wapo wanaoona haya yote ni mambo ya Wazungu, na kwamba roki haijawahi kuvuka Mto Songwe. Wakanywe chai Tunduma. Hatua chache ukishavuka uko Nakonde, na ng'ambo huko Zambia, miaka ileile KISS wanajipaka rangi New York, vijana wa migodi ya shaba walikuwa wanapiga roki yao wenyewe ya magitaa mazito. Bendi kubwa kuliko zote, WITCH, iliongozwa na Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki walimwita Jagari. Ni Jagger, yule Mick wa Rolling Stones, aliyepitishwa kwenye ulimi wa Kibantu mpaka akaota irabu mwishoni. Baba yangu mdogo alifanya kazi TAZARA, na sahani mbili tatu za huko zilifika Iyunga zikiwa zimeviringishwa kwenye koti la kazini. Kwa hiyo mtafsiri wetu alipomgeuza Luther kuwa malafyale hakuwa anaanzisha kitu. Alikuwa anaendeleza desturi ya njia ya reli: mtu wa mbali akija na makuu yake, unampa jina la hapa ndipo anaanza kukutisha sawasawa.

Haya yote nayasema nikiwa na malalamiko ya nyumbani.

Filamu zetu zimewatumia wanamuziki tangu mwanzo. Girlfriend ya George Tyson, ya mwaka 2003, ambayo wengi wanaihesabu kama mlango wa biashara hii ya Bongo Movie, ilikuwa na TID ndani yake. Hiyo ilikuwa na akili: ilizungumzia muziki, na ikawapa wanamuziki ulimwengu wao. Waliofuata wakachukua sura wakaacha akili. Mwanamuziki anaitwa, anapewa nafasi ya mpenzi. Anakaa kwenye sofa la kukodi. Anamwambia binti kwamba anampenda. Binti analia. Mpenzi ndiyo nafasi inayotaka kujificha kuliko zote, inataka mtu awe wa kawaida, apooze, asikilize. Tunamkabidhi mtu ambaye maisha yake yote amelipwa asipooze, halafu tunamcheka kwamba anauza sura. Mpeni adui. Mpeni dalali tapeli, mganga wa uongo, mwenyekiti wa ushirika aliyekula mbolea ya ruzuku, nabii wa maji ya chupa. Huko mbwembwe ni chakula.

Niliwahi kulishuhudia hili Iringa, kwenye upigaji wa filamu moja ambayo sitaitaja. Walikuwa Gangilonga, karibu na lile jiwe ambalo Wahehe wanaliita jiwe linaloongea, upepo unakata masikio, na msanii mmoja wa muziki kavaa suti nyepesi ya bluu akijifanya kamsubiri mchumba. Mwongozaji kila dakika: "Punguza kaka. Kawaida tu. Punguza." Kijana akapunguza. Akapunguza tena. Kufikia saa saba mchana alikuwa kapungua hadi ungeweza kumwanika kwenye kamba.

Ukaja wakati wa kula. Wali, maharage, mboga ya majani kwenye sufuria mbili, watu wamechuchumaa kukinga upepo nyuma ya gari la vifaa. Kijana yule, sahani mkononi, akaanza kumwigiza dalali wa mbao wa Mafinga anayemuuzia mjane msitu ambao si wake. Hakuna aliyemwomba. Alipandisha nyusi moja, akavuta suruali juu ya kitovu, akapapasa hewa kana kwamba ni gogo, "Mama, huu mti ukiugusa unalia pesa, gusa, gusa mwenyewe," na sauti ikashuka ikawa tamu, tamu ya kuogofya, na mpishi akaacha upawa ndani ya maharage. Mtu wa taa alikaa chini kabisa. Mimi nilisikia baridi ambayo haikuwa ya upepo. Mara ya mwisho kuisikia nilikuwa kwenye benchi Mwanjelwa. Mpiga picha, Mungu ambariki, alikuwa ameiwasha kamera.

Nilimwuliza mwongozaji kwa nini asimwache awe huyo. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, mashabiki wake ni wasichana. Watataka kumwona anapenda."

Filamu ilitoka. Ina saa moja na dakika arobaini za mapenzi. Dalali wa Mafinga wamemweka mwishoni kabisa, majina yakiwa yanapanda, sekunde arobaini za kuchekesha watu wanapotafuta viatu vyao. Nimezirudia mara sita. Filamu yenyewe sijaimaliza.